Afya ya Mama, Kazi Zake na Haki Yake

(Mada iliyotolewa kwa wenyeviti wa Jumuiya Ndogo Ndogo na viongozi wa vyama vya kitume, Kinyerezi, katika kipindi cha Kwaresima)



Ndugu wapendwa, wenyeviti wa Jumuiya, akina mama wa WAWATA, akina baba wa UWAKA, nanyi vijana mliokaa karibu na mlango kana kwamba mada ya leo haiwahusu: tumeombwa na Tume ya Haki na Amani kuzungumza nanyi mintarafu afya ya mwanamke. Wapo waliotuuliza, tena kwa nia njema kabisa, kwa nini Tume hii ishughulike na maradhi, ilhali maradhi yana zahanati yake na wauguzi wake. Haki na amani, walisema, ni mambo ya mahakama, uchaguzi na mipaka ya viwanja. Swali hilo ni halali, nasi tungependa kulijibu kwa kisa kilichotokea hapa hapa kwetu, kisa ambacho hatukisimulii kwa fahari.

Miaka michache iliyopita, katika mojawapo ya Jumuiya zetu, katibu aliandika katika daftari la mahudhurio, mbele ya jina la mama mmoja, neno moja: "mlegevu". Mama huyo alikuwa akiuza chai na vitumbua kando ya barabara. Kwa miaka mingi hakukosa sala ya Jumuiya, na hapana sherehe ya parokia ambayo hakusimama mbele ya sufuria kubwa la pilau tangu usiku wa manane. Kisha akaanza kukaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Baadaye akaacha kuja kabisa. Sisi tulipoarifiwa tuliafiki lile neno la katibu, na Dominika iliyofuata tukatoa mahubiri juu ya mbegu iliyoanguka penye miamba.

Tulipoitwa kumpatia Mpako wa Wagonjwa ndipo tulipoujua ukweli. Mama alikuwa akitokwa damu kwa miezi 14. Alikaa karibu na mlango kwa sababu aliogopa harufu, akaacha kuja alipoona hata benchi la mwisho ni karibu mno na watu. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, na alipofikishwa Hospitali ya Ocean Road ilikuwa imekwisha kuenea. Tulimwuliza kwa upole kwa nini hakwenda mapema. Hakulia, wala hakumlaumu mtu. Alitupigia hesabu. Siku moja bila kuuza ni siku ambayo unga na mafuta ya mtaji yanaliwa na watoto. Mkopo una marejesho kila wiki, na wale wanaokopesha hawapokei cheti cha daktari. Mama mkwe amelala kitandani, na hapana mwingine wa kumgeuza. Bwana alisema tusubiri mwisho wa mwezi, na mwezi huo gari alilokuwa akiendesha likaharibika. Tena ni aibu, alisema, kumweleza mwanamume mambo hayo, akatutazama, akanyamaza.

Ndugu zetu, tuipime hesabu hiyo. Ugonjwa ulikuwa mwilini mwake, lakini sababu za kuchelewa, moja baada ya nyingine, zilikuwa nje ya mwili wake. Zilikuwa katika kipato chake, katika kazi yake, katika nafasi aliyopewa nyumbani, na katika daftari letu. Mambo hayo manne hayatibiwi na daktari. Ni mambo ya haki, na ndiyo maana Tume imelileta jambo hili mbele yenu.

Hebu tufungue Injili ya Marko, sura ya 5. Mara nyingi tunaisoma habari ya mwanamke aliyetokwa damu miaka 12 kana kwamba imesimama peke yake. La hasha. Marko ameiweka katikati ya habari nyingine, ile ya Yairo. Yairo ni mkuu wa sinagogi, mtu mwenye jina na heshima. Anamjia Bwana kwa mbele, anasema shida yake hadharani, na umati unampisha. Mwanamke hana jina. Ametumia mali yake yote kwa waganga, naye hakupata nafuu bali hali yake ilizidi kuwa mbaya. (Mtakatifu Luka, ambaye mapokeo yanatuambia alikuwa tabibu, hakuikazia habari hiyo ya waganga kama Marko, labda aliwaonea huruma wenzake.) Kwa sheria ya kitabu cha Walawi alihesabiwa najisi, na kila alipoketi paliitwa najisi. Kwa hiyo anakuja kwa nyuma. Hata kuomba hawezi kuomba.

Basi tazameni anachofanya Bwana. Anasimama. Binti wa mheshimiwa yu mahututi, kila dakika ina thamani, na Bwana anasimamisha msafara wote kumtafuta mwanamke maskini aliyegusa vazi lake. Yairo anangojeshwa. Aidha, Bwana hakuridhika na damu kukoma. Alitaka mwanamke yule aseme habari yake yote mbele ya watu, kisha akamwita binti. Yairo alikuwa na binti wa kumwombea; sasa na huyu naye ni binti wa mtu. Na mtoto wa Yairo hakupotezwa kwa kungoja huko. Tunaopenda kusema kwamba tukianza kuwasikiliza wadogo mambo makubwa yatakwama, tusome sura hiyo hadi mwisho.

Sasa turudi Kinyerezi. Wazee waliotangulia hapa wanakumbuka mashamba ya mihogo na mikorosho. Leo tuna nyumba za ghorofa zenye mageti ya chuma, na nyuma ya ukuta huo huo kuna vyumba vya kupanga vyenye choo kimoja kwa familia nyingi. Tunaishi karibu mno sisi kwa sisi, lakini hatuugui kwa namna moja.

Chukueni nyumba moja tu yenye geti. Ndani yake wanaishi wanawake wawili. Mmoja ni mama mwenye nyumba, ana kadi ya bima kupitia ajira ya mumewe. Mwingine ni binti wa kazi, ametoka Singida au Iringa, anaamka saa kumi alfajiri na kulala wa mwisho. Mama akipata homa anapelekwa kupimwa. Binti akikohoa mwezi mzima anapewa panadol mbili na kuambiwa apunguze kunywa maji ya baridi. Jikoni kuna jiko la gesi, lakini gesi ni ya kuchemshia chai ya haraka. Maharage yanapikwa nje, kwa mkaa, na mpishi ni yule binti. Hewa ya nyumba moja imegawanywa kwa tabaka. Serikali imetangaza kima cha chini cha mshahara kwa watumishi wa nyumbani, na mwezi Juni 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 juu ya kazi zao. Tungependa kujua ni wangapi kati yetu, katika nyumba ambamo picha ya Moyo Mtakatifu imetundikwa sebuleni, wamewahi kumwuliza binti huyo ana umri gani na siku gani anapumzika.

Lakini tusidhani kwamba mama mwenye nyumba ana afya kwa sababu ana kadi. Kadi ni ya mumewe, na ndoa ikivunjika kadi nayo inavunjika. Wapo akina mama wasomi, walimu na maofisa, wanaotoka mjini jioni kwa foleni ya saa mbili na kuanza kazi ya pili pale mlangoni. Wana shinikizo la damu wakiwa na miaka 35. Wapo pia wanaokuja kuungama wamejifunga mtandio kufunika jeraha la shavuni, nao wanaungama hasira zao wenyewe. Fedha hupunguza umbali wa hospitali. Haiondoi ruhusa anayopaswa kuiomba.

Kuhusu kazi, sisi tuliozaliwa miaka ya 1980 tulilelewa na maandazi. Mishahara ya baba zetu iliyeyuka katika miaka ile migumu, na akina mama wa Dar es Salaam wakaanza miradi yao: kuku, barafu, vitumbua, mkaa wa fungu. Taifa likaiita miradi midogo, ijapokuwa ndiyo iliyotusomesha. Kisha mwaka 1993 hospitali za serikali zikaanza kutoza ada. Wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano walisamehewa, jambo jema, lakini mama hawi mjamzito maisha yake yote, na hata mjamzito aliyesamehewa mara nyingi aliambiwa aje na glavu, pamba na wembe wake. Yaliyokuwa yakifanywa na hospitali yalirudi nyumbani, na nyumbani yalimwangukia mwanamke.

Kazi hiyo ina uzito unaoweza kupimwa. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20 kichwani, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Kwa miaka mingi wengi wetu hapa tulinunua maji ya visima na ya maboza, na hata sasa, siku bomba linapokauka, wanaoonekana barabarani na ndoo si sisi mapadre. Madaktari wanaeleza kwamba kubeba mizigo mizito kwa miaka mingi, pamoja na kuzaa mara nyingi bila kupumzika, huchangia kizazi kushuka, ugonjwa ambao akina mama wengi huuficha hadi uzeeni wakidhani ndio uzee. Nendeni Kunduchi muone wanawake wanaoponda kokoto kwa nyundo juani, mtoto kivulini chini ya gunia, vumbi likiwaingia machoni na kifuani. Kokoto hizo ndizo zilizojenga nyumba zetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mwanamke likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na anaporudi kazini muda wa hadi saa mbili kwa siku wa kunyonyesha. Ni sheria nzuri. Lakini mponda kokoto atamwomba nani likizo? Mama lishe ni mwajiri na mwajiriwa. Akizaa, duka limefungwa.

Na hapo ndipo wanapoingia wakopeshaji. Ninyi nyote mnaijua mikopo ambayo wananchi wameipa jina la "kausha damu". Jina hilo halikubuniwa na mchumi. Wamelibuni waliokopa, na tunaliona limebeba ukweli zaidi ya kitabu cha hesabu, maana mama anayekimbizana na marejesho ya kila wiki huanza kwa kupunguza nyama, kisha samaki, kisha sahani yake mwenyewe.

Hapo tunafika kwenye jambo ambalo tungeomba mlichukue nyumbani. Takwimu za taifa letu zina habari njema na habari nyingine. Utafiti wa hali ya afya wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Hata kama makadirio ya namna hii hayana budi kusomwa kwa uangalifu, hapana shaka kwamba mama wengi wanaishi leo ambao jana wangalikufa. Waliojifungulia katika vituo vya afya walikuwa asilimia 63, wakafika asilimia 81. Tumshukuru Mungu, tuwashukuru wakunga. Sasa sikilizeni habari ya pili kutoka tafiti hizo hizo: wanawake wenye upungufu wa damu walikuwa asilimia 45, na miaka saba baadaye wakawa asilimia 42.

Tumejiuliza sana juu ya tarakimu hizo mbili. Upungufu wa damu una sababu nyingi, malaria na minyoo zikiwemo, nasi si waganga. Hata hivyo tunathubutu kusema hivi. Kifo cha uzazi kimepigwa vita kwa majengo, magari ya wagonjwa, dawa na wataalamu, yaani kwa vitu ambavyo serikali na Kanisa vinaweza kuvileta kutoka nje. Damu ya kila siku ya mwanamke inaamuliwa kwa sehemu kubwa mezani, na meza ni yetu. Katika makabila mengi yaliyokutana hapa Kinyerezi, firigisi ni ya baba, mapaja ni ya baba na mgeni, na mama anakula baada ya wote, mchuzi uliobaki na ukoko. Huyo ndiye anayepoteza damu kila mwezi, anayebeba mimba na kunyonyesha. Hatumlaumu baba aliyezaliwa akaikuta desturi. Lakini desturi isiyoandikwa na serikali haihitaji serikali kuifuta. Baba anaweza kuifuta leo jioni.

Akina baba wengine wanatuletea Waraka kwa Waefeso, kwamba mume ni kichwa. Sawa. Paulo huyo huyo, katika sura hiyo hiyo ya 5, anamwamuru mume ampende mkewe kama mwili wake mwenyewe. Ni baba gani atokwaye damu miezi 14 akasubiri mwisho wa mwezi? Na kwa kuwa tuko kwenye Maandiko, tuseme neno juu ya mama mkwe wa Simoni, ambaye homa ilipomwacha aliinuka akawahudumia wageni. Aya hiyo tumesikia ikitumiwa kumtoa mama kitandani siku ya pili ya homa. Bwana alimponya kwanza, ndugu zetu. Kumbukeni mpangilio huo.

Kwamba kazi ya nyumbani ni kazi, si wazo la wageni. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa, ilhali kabla ya hapo majaji walikuwa wamegawanyika, baadhi wakizihesabu kuwa wajibu tu wa mke. Miaka miwili kabla ya hukumu hiyo, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu wa tarehe 14 Septemba 1981, alidai jamii iitambue kazi ya mama, na ujira wa familia uwe wa kutosha ili mama asilazimishwe na njaa. Na tarehe 29 Juni 1995, kabla ya Mkutano wa Beijing ambao katibu mkuu wake alikuwa Mama Gertrude Mongella, binti wa Ukerewe, aliwaandikia barua wanawake wote wa dunia, na humo alisikitikia makosa ambayo hata wana wa Kanisa waliyatenda dhidi ya hadhi yao. Papa aliomba radhi. Hata hivyo, kwenye fomu zetu, mbele ya neno "kazi", tunaendelea kumwandikia mwanamke huyu "hana".

Tuseme sasa juu ya moshi, kwa sababu katika jambo hili Kinyerezi ni mahali pa pekee nchini. Gesi asilia inayotoka Mtwara na Songo Songo husafiri mamia ya kilomita katika bomba chini ya ardhi na kufika hapa kwetu. Hapa ndipo mitambo ya Kinyerezi I na Kinyerezi II inapoigeuza kuwa umeme. Ile ya pili, yenye uwezo wa zaidi ya megawati 240, ilizinduliwa Aprili 2018. Taa za nchi zinawaka kwa gesi iliyopita chini ya miguu ya akina mama zetu, na akina mama hao wameinama juu ya jiko la mkaa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020, na kwa kuwa mpishi ni mwanamke, yeye na mtoto aliye mgongoni ndio wanaouvuta zaidi. Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo mwaka 2034. Tunauunga mkono. Tunaomba tu ikumbukwe kwamba mama anayenunua mkaa wa kopo, kidogo kidogo kila siku, hajakataa gesi kwa ujinga. Anachokosa ni fedha za kujaza mtungi kwa mkupuo mmoja. Maskini hununua kwa rejareja, na rejareja ni ghali.

Na kabla hatujaielekea serikali, tutazame jiko la parokia yetu. Sherehe zote tulizokula hapa zilipikwa kwa kuni, usiku kucha, na akina mama wa WAWATA, chama kilichoanzishwa mwaka 1972 na ambacho bila ya hicho hatujui parokia ingesimama namna gani. Tulikuwa tukiwashukuru kwa makofi mwishoni mwa Misa. Yule mama wa benchi la mwisho alikuwa miongoni mwao, na kwa hesabu aliyotupatia, alipika sherehe ya somo wa parokia akiwa katika mwezi wa tano wa kutokwa damu. Sisi tulikula pilau ile. Tuliisifia.

Alifariki mwezi wa pili baada ya Mpako. Katibu wa Jumuiya, ambaye yupo hapa na ambaye ametupa ruhusa ya kulisema hili, alikuja na daftari lake na kutuuliza kama inafaa kufuta lile neno. Tulimwambia asilifute.

Sasa tuseme yanayohusu maradhi yenyewe, maana wengi mmetuuliza faraghani. Saratani ya mlango wa kizazi haitokani na laana wala uchawi. Inatokana na kirusi kiitwacho HPV, ambacho huambukizwa kwa kujamiiana. Tafadhali msigeuze neno hilo kuwa hukumu: mke mwaminifu kabisa aweza kuambukizwa na mumewe, naye mume aweza kuwa nacho pasipo dalili yoyote. Kirusi hiki huchukua miaka mingi, aghalabu 10 au zaidi, kabla hakijaleta saratani, na katika miaka hiyo yote mabadiliko huweza kuonekana na kutibiwa. Kipimo chenyewe ni cha dakika chache. Mhudumu hupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kutazama. Wenye umri wa miaka 30 hadi 50 wanashauriwa kupimwa, na wanaoishi na virusi vya UKIMWI waanze mapema zaidi na kurudia mara kwa mara. Kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, au baada ya hedhi kukoma kabisa, si jambo la kungoja. Kwa mabinti, chanjo ilianza kutolewa nchini mwaka 2018 kwa wenye miaka 14, na tangu mwaka 2024 hutolewa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Tumesikia uvumi kwamba inaharibu kizazi. Si kweli. Kinachoharibu kizazi tumekizika.

Hatukuja na maneno matupu. Halmashauri ya Walei imekaa na Tume, na yafuatayo yamekubaliwa, ingawa hatufichi kwamba mjadala ulikuwa mrefu na wapo walioona fedha za Kanisa zinapelekwa kusikohusika. Kwanza, sehemu ya fedha zilizotengwa kwa chakula cha sherehe ya somo mwaka huu itanunua majiko mawili makubwa ya gesi, na zitakazobaki zitakuwa mfuko wa nauli na wa kufidia siku moja ya mtaji kwa mama yeyote anayekwenda kupimwa. Haitakuwa mkopo. Pili, wafanyakazi wote wa parokia, kuanzia mpishi wetu wa nyumba ya mapadre, watapewa mikataba ya maandishi na siku ya mapumziko, jambo ambalo tunaona aibu kukiri kwamba halikuwapo. Tatu, daftari la Jumuiya litakuwa na safu mpya. Mtu akikosa mara tatu, wajumbe wawili, na mmoja wao awe mwanamke, watakwenda kumwona kabla neno lolote halijaandikwa mbele ya jina lake. Na safu hiyo itajazwa na walichokikuta. Nne, pale mama anapomuuguza mgonjwa wa kitandani, Jumuiya itapanga zamu ya kumpokea, angalau siku moja kwa wiki. Akina baba wa UWAKA wameuliza kama zamu hiyo inawahusu. Inawahusu.

Siku ya kupimwa ni Jumamosi ijayo. Watakaokwenda wakutane hapa kanisani saa moja asubuhi. Nauli iko kwa mweka hazina, na hakuna atakayeulizwa maswali mbele ya wengine. Chakula cha mchana siku hiyo kitapikwa na UWAKA. Watoto waachwe kwa baba zao.